Logarithimu Yauliza Nini?

Jioni moja ya mwezi wa Novemba alitujia nyumbani baba mmoja wa mtaa wa Mudzipela, hapa Bunia, pamoja na binti yake asomaye mwaka wa mwisho wa sekondari katika sehemu ya sayansi. Tulipokwisha kusalimiana na kuulizana habari za jamaa, baba yule alianza kusema kwa kusitasita: "Mwalimu, mtoto wangu hukesha usiku kwa ajili ya kitu kiitwacho logarithimu. Nimemwuliza ni kitu gani, amenijibu kwamba ni kitufe kimojawapo cha mashine ya kuhesabia. Kitufe tu! Nami nimelipa karo, nimenunua mashine yenyewe, nimenunua na madaftari. Nataka kujua ninalipia nini."

Tulicheka, lakini hatukucheka sana. Maana jibu lile halikuwa kosa la binti. Lilikuwa kosa letu sisi tufundishao. Tumezoea kuandika ubaoni kanuni tatu au nne, kuwaamuru wanafunzi wazishike kwa moyo, kisha kuwapa mazoezi ishirini. Mwenye kumbukumbu njema hupita, asiyekuwa nayo huanguka. Na wote wawili, wakiulizwa njiani logarithimu ni nini, hunyamaza sawasawa.

Baba aliendelea kunung'unika juu ya gharama, na katika manung'uniko yake likatoka neno lililotushtua: karo hiyo ilikuwa ya mkopo. Mwezi wa Septemba alikopa dola 100 kwa mtu wa mtaani akopeshaye kwa riba ya 20 kwa mia kila mwezi, na riba isiyolipwa huunganishwa na deni, nayo ikazaa riba nyingine. Hajalipa kitu bado. Anangoja mwezi wa Julai, miezi kumi tangu kukopa, atakapouza ng'ombe. "Nimekwisha kuhesabu," alisema. "Ishirini mara kumi ni mia mbili. Ukiongeza na mia yake, ni mia tatu. Ni nyingi, lakini ng'ombe atatosha."

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba akae, tukamwambia binti afungue daftari na kuiweka mashine yake mbali. Kwa kuwa kile alichokuja kuuliza baba na kile alichokopa vilikuwa jambo moja.

Tukaanza na ngazi. Chukua namba 2, uizidishe kwa 2, na jibu lake tena kwa 2, na tena, na tena. Mstari wa juu andika umezidisha mara ngapi, nao huitwa mstari wa vipeo. Mstari wa chini andika kilichopatikana.

0   1   2   3   4    5    6    7     8     9     10
1   2   4   8   16   32   64   128   256   512   1024

Mstari wa juu hutembea kwa kujumlisha 1. Wa chini hutembea kwa kuzidisha kwa 2. Sasa, aljebra yaweza kuuliza hivi: "Mbili yenye kipeo cha 5 ni ngapi?" Watoka juu, washuka chini, wajibu 32. Swali hilo binti alilijua tangu zamani. Lakini aljebra yaweza pia kuligeuza swali: "Mbili ipewe kipeo gani ili itoe 32?" Hapo watoka chini, wapanda juu, wajibu 5. Swali hilo la pili ndilo logarithimu, wala hakuna jambo jingine lililofichwa ndani yake. Twaandika log₂ 32 = 5, twasoma: logarithimu ya 32 kwa msingi wa 2 ni 5. Kwa neno fupi, logarithimu ni jina la kipeo kinachotafutwa.

Baba alitazama ile mistari miwili, akasema, "Kumbe ni kuongeza maradufu tu." Ndiyo, Baba. Na kuongeza maradufu si jambo geni katika nchi hizi. Huko kusini kwetu, mahali paitwapo Ishango, ambapo mto Semliki hutoka katika Ziwa Edouard kuanza safari yake kuelekea Ziwa Albert, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye alama za mkato zilizopangwa kwa mafungu. Umri wake wakadiriwa kuwa yapata miaka 20000, nao umehifadhiwa Bruselsi. Katika safu moja ya mfupa huo fungu la mikato 3 lafuatwa na fungu la 6, la 4 lafuatwa na la 8, na la 10 lafuatwa na la 5. Wataalamu wameshindana sana juu ya maana yake. Wengine waona hesabu ya mara mbili, wengine waona kalenda ya mwezi, na wengine hawaoni hesabu yoyote. Sisi hatutaamua shauri lao. Lakini kila tunapoona samaki wa Kasenyi na Tchomia wakishushwa sokoni hapa Bunia, twakumbuka kwamba maji ya ziwa lao, sehemu yake, yamepita Ishango.

Turudi kwenye ngazi yetu, maana bado haijatoa faida yake kubwa. Tulimwambia binti azidishe 16 kwa 64 bila kuzidisha. Akatukodolea macho. Tukamwonyesha: juu ya 16 pana 4, juu ya 64 pana 6; jumlisha 4 na 6, wapata 10; tazama chini ya 10. Pana 1024. Akazidisha kwa mkono ili ahakikishe, akakuta ni kweli. Sababu yake ni nyepesi: 16 ni mbili zilizozidishwa mara nne, 64 ni mbili zilizozidishwa mara sita, na ukiziweka pamoja zimekuwa mara kumi. Ndiyo maana logarithimu ya namba mbili zilizozidishwa ni jumla ya logarithimu zao. Mwanafunzi aliyeiona ngazi hana haja ya kuishika kanuni hii kwa moyo. Yeye huisoma pale pale. Vivyo hivyo kugawanya hugeuka kutoa, na kupandisha kipeo hugeuka kuzidisha.

Kwa ajili ya faida hiyo moja, mtu mmoja wa Uskochi, John Napier wa Merchiston karibu na Edinburgh, alitumia miaka yapata ishirini ya maisha yake. Zamani hizo wanajimu na mabaharia walikuwa wakizidisha namba ndefu za tarakimu saba au nane kwa kalamu, siku nzima, na kosa moja dogo laweza kuipoteza merikebu. Napier alitoa majedwali yake mwaka 1614, naye ndiye aliyelitunga neno lenyewe kutoka maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya uwiano na jingine lenye maana ya namba. (Mzee huyu hakuwa rafiki wa Kanisa letu; mwaka 1593 alitoa kitabu kizima cha kumshambulia Papa. Hata hivyo majedwali yake yalikuwa sahihi, nao Wakatoliki wakayatumia bila kinyongo.) Mwaka 1615 alitembelewa na Henry Briggs, mwalimu wa hesabu kutoka London, nao wakapatana kwamba ingekuwa vyema kutumia msingi wa 10, hivi kwamba logarithimu ya 1 iwe 0 na ya 10 iwe 1. Napier alifariki mwaka 1617. Briggs akaendelea na kazi, na mwaka 1624 akatoa majedwali yenye tarakimu kumi na nne baada ya mkato. Kwa zaidi ya miaka mia tatu watoto wa shule duniani kote walibeba vitabu vya majedwali ya namna hiyo, mpaka mashine ndogo za kuhesabia zilipoyaondoa mezani.

Nasi hatuyalilii. Lakini aliyetumia jedwali alilazimika kujua anachokitafuta kabla ya kufungua ukurasa. Mwenye mashine halazimiki.

Basi tukampa binti mazoezi machache ya namna ile inayopatikana katika mtihani wa Serikali, kwa sharti moja: asiandike jibu lolote kabla hajalitamka swali kwa maneno. Log₃ 81? Akasema: "Tatu ipewe kipeo gani ili itoe 81? Tatu, tisa, ishirini na saba, themanini na moja. Nne." Log₅ ya 1/25? Akasita, akasema: "Tano ipewe kipeo gani ili itoe sehemu moja ya ishirini na tano? Ishirini na tano ni kipeo cha 2. Lakini hapa ni kugawanya, basi ni kipeo cha 2 chenye alama ya kutoa." Vema: jibu ni −2. Log₇ ya 1? "Saba ipewe kipeo gani ili itoe moja? Sifuri." Na msingi wowote halali utakaompa, jibu litakuwa lile lile.

Kisha tukampa log₄ 8, mtego ambao wanafunzi wengi huanguka ndani yake. Wengi huandika 2, kwa sababu 4 mara 2 ni 8. Lakini swali haliulizi mara, lauliza kipeo. Nne yenye kipeo cha 1 ni 4. Yenye kipeo cha 2 ni 16. Nane imekaa kati, basi jibu lake limekaa kati ya 1 na 2. Binti alikuna kichwa kitambo, halafu akakumbuka kwamba 4 ni 2² na 8 ni 2³. Kwa hiyo kipeo kinachotafutwa, kikizidishwa kwa 2, lazima kitoe 3. Ni 3/2. Tulifurahi sana, hata baba akatabasamu ingawa hakufuata kila hatua.

Na logarithimu ya −8, kwa msingi wa 2? Hapa tulimwacha ahangaike kidogo. Panda ngazi upendavyo, mbili haitatoa kamwe namba yenye alama ya kutoa. Shuka upendavyo, utapata nusu, robo, sehemu moja ya nane, lakini hutafika sifuri wala kuipita. Swali halina jibu katika namba tulizo nazo, na mashine ikiandika neno la kosa, haijaharibika, inasema kweli. Mwanafunzi mmoja wetu wa zamani aliwahi kuirudisha mashine dukani kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo tuliingia katika msingi wa 10, ambao ukiandika "log" peke yake bila namba ya msingi ndio unaofahamika. Log 100 ni 2, log 1000 ni 3. Log 500, je? Kabla ya yote mwanafunzi aseme: 500 iko kati ya 100 na 1000, basi jibu liko kati ya 2 na 3. Mwenye kusema hivyo kwanza hatadanganywa na kidole chake kikigusa kitufe kisicho chake.

Lakini zile tarakimu za baada ya mkato zatoka wapi? Hapa pana jambo dogo ambalo sisi hulipenda kuliko mengine yote ya somo hili. Tazama tena mwisho wa ngazi: mbili yenye kipeo cha 10 ni 1024. Namba hiyo imekaribia sana 1000, ambayo ni kumi yenye kipeo cha 3. Basi log 2 mara kumi ni karibu na 3, na log 2 yenyewe ni karibu na 0,3. Majedwali yasema 0,3010. Hatukuhitaji mashine, hatukuhitaji kitabu. Tulihitaji ngazi tu. Ukishika log 2 = 0,3010 na log 3 = 0,4771, waweza kutembea mbali. Log 6 ni jumla yake, 0,7781. Log 5 ni 10 iliyogawanywa kwa 2, yaani 1 kutoa 0,3010, sawa na 0,6990. Log 500 ni 1000 iliyogawanywa kwa 2, yaani 3 kutoa 0,3010, sawa na 2,6990. Nayo iko kati ya 2 na 3 kama tulivyosema.

Sasa tukaligeukia deni.

Riba ya 20 kwa mia yamaanisha kwamba kila mwezi deni lote huzidishwa kwa 1,2. Angalieni neno hilo: huzidishwa, wala haliongezwi dola ishirini zile zile. Mwezi wa kwanza dola 100 huwa 120. Wa pili, 120 huwa 144, maana 20 za kwanza nazo zimezaa 4. Ni ngazi kama ile yetu, ila vidato vyake ni vya 1,2. Tukamwuliza binti: "Deni la baba yako litakuwa maradufu baada ya miezi mingapi?" Akatamka, kama tulivyomzoeza: "Namba 1,2 ipewe kipeo gani ili itoe 2?" Tuliona kwamba sasa amelishika. Jibu ni log 2 kugawanywa kwa log 1,2.

Akainama kutafuta log 1,2. Akaandika: 1,2 ni 1 na 0,2, basi log 1,2 ni log 1 na log 0,2, yaani 0 na −0,6990. Akagawanya, akapata kwamba deni litakuwa maradufu baada ya miezi −0,43.

Tukamwambia amsomee baba yake jibu hilo kwa sauti. Akaanza, akanyamaza, akacheka. Deni lililoongezeka maradufu karibu wiki mbili kabla ya kukopwa! Kosa hili wasomaji wetu wanafunzi wanalijua vizuri, maana hakuna darasa lisilolitenda, na sisi wenyewe tulilitenda katika seminari ndogo na kulilipia kwa alama mbaya. Ngazi husema kwamba kuzidisha chini ni kujumlisha juu. Haisemi lolote juu ya kujumlisha chini. Log ya 1 na 0,2 zilizojumlishwa haigawanyiki vipande viwili. Yabaki nzima, na mtu atafute njia nyingine.

Njia ilikuwapo. Namba 1,2 ni 12 iliyogawanywa kwa 10, na 12 ni 2 mara 2 mara 3. Basi log 1,2 ni 0,3010 na 0,3010 na 0,4771, jumla yake 1,0791, kisha toa 1. Yabaki 0,0791. Gawanya 0,3010 kwa 0,0791: wapata 3,8. Miezi mitatu na siku ishirini na nne hivi, na deni limekuwa maradufu. Lilikopwa Septemba, kabla ya Januari kumalizika limekwisha pita dola 200.

Baba aliacha kutabasamu. "Na Julai?" aliuliza.

Kwa miezi kumi kipeo ni 10; basi log ya mazao ni mara kumi ya 0,0791, yaani 0,791. Kumi ikipewa kipeo hicho hutoa namba gani? Log 6 ni 0,7781. Ni zaidi kidogo ya 6. Kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa zito, hatukutosheka na makadirio. Tulizidisha kwa kalamu mwezi baada ya mwezi, binti upande mmoja wa karatasi na sisi upande mwingine, tukakutana penye dola 619 na senti 17. Siyo 300. Ng'ombe mmoja hatoshi.

Palikuwa na kimya. Mtu aweza kusema kwamba hesabu ya kuzidisha peke yake ingalitosha kumwonyesha baba hatari yake, na ni kweli. Lakini kuzidisha hujibu swali, "Nitadaiwa kiasi gani?" Logarithimu hujibu swali ambalo mkopaji hana budi kuliuliza kwanza, "Nina muda gani?" Siku ile baba alikuwa na miezi miwili nyuma yake na deni la dola 144. Alikuwa bado na muda wa kufanya kitu.

Wakati sisi tukiongea na baba, binti alikuwa akitazama karatasi. Akauliza: "Mwalimu, redio husema tetemeko la ardhi lilikuwa na ukubwa wa 5,9 au 6,8. Hizo nazo si za namna hii?" Swali zuri, hasa kwa sisi tukaao kando ya bonde la ufa. Charles Richter aliweka kipimo chake huko California mwaka 1935 kwa logarithimu ya msingi wa 10, na vipimo vitumikavyo leo, ingawa si vile vyake hasa, vimeshika njia ile ile. Tetemeko la Jumapili tarehe 20 Machi 1966 katika nchi ya Toro na bonde la Semliki, mpakani mwa Kongo na Uganda, lililoua watu zaidi ya 150, lilikuwa na ukubwa wa karibu 6,8. Lile la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008, nayo ikawa Jumapili, lililoua watu kwetu na ng'ambo ya Ruzizi nchini Rwanda, lilikuwa na 5,9. Asikiaye namba hizo hudhani zatofautiana kidogo tu. Tofauti yake ni 0,9. Lakini 0,9 ni 0,3 mara tatu, na kila 0,3 ni mara mbili. Basi mtikisiko uliozidi kwa 0,9 ni mbili mara mbili mara mbili, yaani kama mara nane. Kuhusu nguvu inayotoka ardhini, kipeo huzidishwa kwa moja na nusu: 1,35. Hiyo ni kumi yenye kipeo cha 1, na tena 0,35 juu yake, ambayo ni zaidi kidogo ya mara mbili. Nguvu ya tetemeko la 1966 ilikuwa kama mara ishirini na mbili ya lile la 2008. Binti alihesabu hayo yote bila kuigusa mashine. Ila tusidhani kwamba vifo hufuata ngazi hiyo. Vifo hufuata udongo, kuta, na saa ambayo watu wamo ndani ya nyumba.

Wanafunzi wengine watatuuliza kwa nini vitabu vyao vina pia "ln", yaani logarithimu yenye msingi wa ajabu wa 2,718 na kuendelea. Hilo ni somo la siku nyingine. Tuseme tu kwamba mlango wake ulifunguliwa na Mjesuiti wa Bruges, Grégoire de Saint-Vincent, aliyekuwa akipima eneo lililo chini ya mstari wa kupinda uitwao haipabola. Na mwenzake wa shirika lile lile, Alphonse de Sarasa, akaonyesha mwaka 1649 kwamba eneo hilo hukua kama logarithimu. Walianza na eneo, wakakutana na ngazi yetu njiani.

Tarehe ishirini na mbili ya mwezi ule baba alipita tena kwetu asubuhi, akiwa na haraka. Alikuwa ameomba zamu yake ya likelemba iletwe mbele, wenzake wakakubali, akamlipa mkopeshaji dola zake 144 kabla mwezi haujageuka. Mkopeshaji hakufurahi, alimwambia hakuna haraka, angengoja tu. Baba alitueleza maneno hayo mara mbili. Karatasi ile yenye hesabu anayo bado, ameikunja ndani ya kitambulisho chake, na tumesikia kwamba huwaonyesha watu wa kikundi.

Kikundi hicho nacho sasa kimeamua kuwakopesha wanachama wake, kwa 5 kwa mia kwa mwezi, na riba isiyolipwa kuunganishwa na deni. Mwenyekiti alituuliza deni la namna hiyo huwa maradufu baada ya miezi mingapi, nasi tukamwambia tungewaachia wasomaji wetu wanafunzi. Wakumbuke kwamba 1,05 ni 105 iliyogawanywa kwa 100, na kwamba 105 ni 3 mara 5 mara 7. Log 3 na log 5 wanazo tayari hapo juu. Log 7 ni 0,8451. Watuletee jibu pamoja na hatua zake, limeandikwa kwa mkono, na swali lenyewe likitamkwa kwanza kwa maneno.